Nani Aliweka "On" Baada ya "Depend"?

Miaka mingi iliyopita, nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, nilifundisha Kiingereza kwa miezi kadhaa katika sekondari moja ambayo sitaitaja. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa kijana mwenye chaki tu, na walimu wa somo hilo walikuwa hawatoshi. Siku moja nikawapa kidato cha pili zoezi la kujaza nafasi: vitenzi kumi vya Kiingereza, mbele ya kila kitenzi mstari mtupu, mwanafunzi aweke kihusishi kinachofaa. "Depend", mstari. "Listen", mstari. "Married", mstari. Ni zoezi jepesi kusahihisha, na ndiyo maana nililipenda.

Binti mmoja alipata mawili kati ya kumi. Niliporudisha madaftari akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, kwa nini 'depend' ni 'on'? Kwa nini isiwe 'with', au 'from'?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Ndivyo ilivyo. Kariri." Hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka shuleni pale.

Nilimjibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojibiwa mimi, na aliyenijibu mimi alijibiwa hivyo hivyo. Ilinichukua miaka kutambua kwamba yule binti hakuwa ameuliza swali la kijinga la sarufi. Aliuliza swali la historia, tena zuri, na jibu lake lipo. Acha nilijibu sasa, japo nimechelewa.

Tuanze na "listen", maana ndiyo iliyowaangusha wengi siku ile. Mtoto wa kwetu anaandika "I listen music" kwa sababu kwao mtu husikiliza muziki, basi. Hakuna kitu katikati. Kalamu nyekundu inapita. Sasa angalia: miaka elfu moja iliyopita Mwingereza naye hakuhitaji kitu katikati. Kitenzi chao kilikuwa "hlystan", na kile kinachosikilizwa kilikifuata moja kwa moja, isipokuwa nomino yenyewe ilibadilika mwishoni kuonyesha kazi inayofanya. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na miisho ya namna hiyo kama Kilatini, na kama Kijerumani kilivyobaki nayo kwa kiasi mpaka leo. Mwisho mmoja ulionyesha mtenda, mwingine mtendwa, mwingine mwenye mali, mwingine anayepewa. Vihusishi vilikuwepo, lakini havikubeba mzigo wote. Miisho ilisaidia.

Halafu miisho ikafa. Wanaosomea mambo haya hutaja sababu zaidi ya moja. Mkazo wa sauti katika lugha ile uliangukia mwanzo wa neno, kwa hiyo mkia wake ukawa unamezwa mdomoni. Na tangu karne ya 9 walihamia watu kutoka Skandinavia, wakakaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Lugha yao ilikuwa ndugu ya lugha ya wenyeji: mashina ya maneno yanafanana, miisho haifanani. Hebu fikiria watu wawili sokoni, mmoja anauza ng'ombe na mwingine ananunua, kila mmoja na lugha yake. Watashika shina, mwisho watauacha. Nani ana muda wa kubishania mkia wa neno wakati ng'ombe mwenyewe amesimama pale?

Anayetaka kuuona msiba huo kwa macho, kuna kumbukumbu za mwaka hadi mwaka zilizoandikwa na watawa wa Peterborough, ambazo zinaishia 1154. Sehemu za mwanzo zimenakiliwa kwa Kiingereza cha kale, miisho ikiwa mahali pake. Zile za mwishoni ni kama zimeandikwa na watu wengine kabisa: miisho imelegea, mpangilio wa maneno umeanza kufanana na wa leo, na vijineno vidogo vimeanza kuingia kazini.

Maana kazi ya miisho ilibaki pale pale, na lazima ifanywe na mtu. Ikafanywa na vihusishi. Lakini havikugawana kazi hiyo kwa kikao wala kwa mpango. Kila kitenzi kilijitafutia mwenzake kwa wakati wake, mahali pake, na mara nyingi kilijaribu wawili watatu kabla ya kutulia. "Listen" ilichelewa sana kutulia. Katika tamthilia ya Julius Caesar, iliyoigizwa London karibu mwaka 1599, Shakespeare anampa Antony maneno ya kumwambia Octavius asikilize mambo makubwa, na "to" haipo. Katika The Tempest, miaka kama kumi na miwili baadaye, Prospero anatumia "made on" pale ambapo zoezi langu lingetaka "made of". Shakespeare angekaa dawati la nyuma na yule binti.

Kuna kihusishi kimoja ambacho historia yake naipenda kuliko zote, nacho ni "with". Kila mwanafunzi anajua kwamba "with" ni "pamoja na". Sasa mbona "fight with" inaweza kuwa "pigana dhidi ya"? Kwa sababu hapo zamani "with" haikuwa na maana ya pamoja hata kidogo. Ilikuwa na maana ya "dhidi ya", au "kuelekea". Aliyebeba maana ya "pamoja na" alikuwa neno jingine, "mid", ndugu wa "mit" ya Kijerumani. Katika karne zilizofuata, "with" ikaingia nyumbani kwa "mid", ikakalia kiti chake, ikamfukuza kabisa. "Mid" amebaki mahali pamoja ambapo watu hawamtambui: katika "midwife", mkunga, yaani mwanamke aliye pamoja na mzazi. Na maana ya zamani ya "with" imejificha ndani ya "withstand", kusimama dhidi, na "withdraw" na "withhold", ambamo kuna kuvuta na kuzuia. "Fight with" ni mabaki ya enzi hizo. Sisi tusiwacheke, "na" yetu ina utata ule ule. Ukisema askari wetu walipigana na Waingereza, msikilizaji lazima akuulize: upande wao, au dhidi yao? Kwa historia ya Afrika Mashariki majibu yote mawili ni sahihi.

Kundi la pili la makosa tuliyokatwa alama lina asili nyingine. Haya ni yale ya kuweka kihusishi pasipotakiwa: "discuss about", "enter into the room", "approach to", "await for". Hili la "discuss about" limewatesa wengi, tena si kwetu tu. Mnigeria na Mhindi nao husemwa kwa hilo hilo. Watu hukimbilia kusema tunatafsiri Kiswahili. Sikubali. Mswahili hujadili jambo. Haweki kitu katikati. Aliyesema "discuss about" ametazama Kiingereza chenyewe, akaona "talk about", "speak about", "argue about", akaona hata nomino ni "a discussion about", akajumlisha kama mtu mwenye akili timamu anavyojumlisha. Kilichomwangusha si Kiswahili. Ni mwaka 1066.

Mwaka ule Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya wakubwa. Maneno yakamiminika. Mwingereza akajikuta na vitenzi viwili viwili kwa jambo moja: cha kwao cha jikoni, na cha kigeni cha sebuleni. Cha jikoni kilikuwa kifupi na kilitembea na kihusishi chake: "go into", "come near to". Cha sebuleni kilikuja na kihusishi kimeshamezwa ndani, kwa kuwa Kilatini, mama wa Kifaransa, kilipenda kubandika kihusishi mwanzoni mwa kitenzi. "Approach" ina "kuelekea" tumboni mwake tayari. "Discuss" inatokana na kitenzi cha Kilatini cha kutikisa kitu mpaka kitawanyike. Anayejadili anatikisa hoja, na huwezi kutikisa "kuhusu" hoja. Kwa hiyo kanuni ya chini ya chini, ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha, ni kwamba kitenzi kifupi cha kienyeji mara nyingi kinataka msaidizi, na kile kirefu cha Kilatini mara nyingi kimeshakula.

Mara nyingi, nasema, wala si kila mara. "Obey" ilitoka Ufaransa, na Mfaransa anatii "kwa" mtu. Waingereza wakaichukua jinsi ilivyo, na katika Kiingereza cha Kati mtu alisema "obey to". Baadaye "to" ikadondoka. Mtoto anayeandika "obey to your parents" leo ameandika Kiingereza safi, kasoro amechelewa kuzaliwa kwa karne kadhaa.

Hapo ndipo tunafika kwa "depend". Kilatini chake ni kuning'inia kutoka kitu fulani, kama embe linavyoning'inia kutoka tawini. Kifaransa kikaendelea na picha hiyo hiyo. Mfaransa mpaka leo husema "dépendre de", na "de" ni "kutoka" au "ya". Kiingereza kilipoliazima neno kilijaribu "of", kikajaribu na "from", yaani lile lile alilopendekeza yule binti. Kulikuwa na wakati ambapo jibu lake lingepita! Lakini picha ya kuning'inia ilififia vichwani mwa watu, picha ya kuegemea ikachukua nafasi yake, na kitu huegemea juu ya kingine. "On" ikashinda. Ushahidi wa ule ushindani bado upo wazi: Mwingereza anasema "depend on", lakini akikanusha anasema "independent of". Baba amebadili dini, mtoto amebaki na ya babu. Nilifundisha yote mawili, "depend on" na "independent of", bila hata siku moja kujiuliza kwa nini hayafanani.

Mpaka hapo hakuna aliyekosea, maana hapakuwa na msahihishaji. Watu walisema, vihusishi vikashindana, basi. Kalamu nyekundu ina tarehe yake ya kuzaliwa pia. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa Ben Jonson, aliyekuwa ameshakufa zamani, kwa kumaliza sentensi na kihusishi. Kisha akajigeukia mwenyewe: alipochapisha tena mwaka 1684 insha yake juu ya tamthilia iliyotoka 1668, alizipitia sentensi zake akahamisha vihusishi vilivyokuwa vimekaa mwishoni. Kosa kubwa? Kilatini hakikuwa na mambo hayo, ndiyo kesi yenyewe. Wanasarufi wa karne ya 18 wakaendeleza. Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, akatoa kitabu chake kidogo cha sarufi mwaka 1762, na ndani yake alichukua waandishi wakubwa wa Kiingereza akaonyesha makosa yao, mmoja baada ya mwingine. Jina lake husingiziwa kwamba ndiye aliyepiga marufuku kihusishi cha mwishoni. Ukweli ni kwamba aliona kinafaa katika mazungumzo ya kawaida ila hakipendezi katika maandishi mazito, tena sentensi aliyolisemea jambo hilo ameimaliza kwa kihusishi. Nadhani askofu alikuwa anatania. Wanafunzi wake hawakutania.

Naye Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alipofika kwenye "averse" alieleza kwamba kwa haki ifuatwe na "from", kwa sababu ile "a" ya mwanzo ni "kutoka" ya Kilatini, na akasikitika kwamba watu wengi wanasema "to". Leo kila mtu anasema "averse to", na ukiweka "from" kwenye mtihani sijui msahihishaji atakutazamaje. Johnson alishindwa na watu wa barabarani. Lakini nampa heshima yake kwa jambo moja: katika dibaji ya kamusi ile ile alikiri kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na kijineno kinachofuata nyuma ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko vingine, akajitahidi kuvikusanya. Alikuwa amemwona mgeni. Wengi waliomfuata hawakumwona kwa muda mrefu.

Mgeni alikuja kuonwa vizuri katika karne ya 20, na si Uingereza. Ilikuwa Japani. Mwaka 1924 kijana wa Kiingereza, A. S. Hornby, mzaliwa wa Chester, alifika Oita katika kisiwa cha Kyushu kufundisha. Wanafunzi wake walijua maneno mengi; walichoshindwa ni kuyaunganisha. Kamusi walizokuwa nazo zilieleza neno maana yake nini, hazikueleza neno linaishi na nani. Tokyo kulikuwa na Harold Palmer, aliyekuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, na Palmer alikuwa na hamu ile ile: mwaka 1938 alitoa kitabu cha maneno kama elfu moja ya Kiingereza kikionyesha kila neno linavyotumika ndani ya sentensi. Hornby, pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield, akatengeneza kamusi nzima kwa mtazamo huo. Vitenzi aliviweka katika makundi kwa namba, kila kundi na umbo lake la sentensi: hiki kinataka kitu moja kwa moja, hiki kinataka kihusishi, hiki kinakubali vyote viwili. Vita vikaingia, Hornby akawekwa kizuizini kwa kuwa raia wa nchi adui, na kamusi yake ikachapishwa na kampuni ya Kijapani hapo hapo Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita kati ya nchi mbili ambazo lugha zao alikuwa akizikutanisha. Mwaka 1948 Oxford wakaitoa tena kwa ajili ya dunia. Ndiyo ile iliyokuja kuwa Advanced Learner's, ile nene, ambayo katika shule zetu ilikaa kwenye kabati la mwalimu mkuu na ufunguo anao yeye.

Kitabu kingine kilikuwa chembamba, na hicho ndicho tulichokuwa nacho mikononi. T. J. Fitikides alikuwa mwalimu katika shule ya Kiingereza mjini Nicosia, Cyprus, koloni la Uingereza wakati huo, na mwaka 1936 alitoa Common Mistakes in English. Sehemu yake ya kwanza kabisa ni vihusishi vilivyotumiwa vibaya, kwa mpangilio wa alfabeti, sema hivi usiseme vile. Nilikuwa na nakala isiyo na jalada. Niliikariri kama mtu anavyokariri dua, na zoezi nililowapa kidato cha pili nililitoa humo nusu yake.

Miaka ya karibuni nilikifungua tena kitabu hicho kwa macho mengine, nikaona jambo lililonifanya nikae chini. Kinaonya usiseme "afraid from", useme "afraid of". Usiseme "ashamed from". Nikajiuliza, ni nani kwetu aliyewahi kusema "afraid from"? Mswahili humwogopa mbwa, moja kwa moja. Haogopi "kutoka" kwa mbwa. Lakini Mturuki huogopa kutoka kwa mbwa, ndivyo lugha yake inavyomtaka, na huona haya kutoka kwa jambo. Mwarabu naye huogopa kutoka. Makosa yale yalikuwa ya watoto wa Mediterania. Mwalimu wao aliyakusanya kwa uangalifu, akawatengenezea dawa, na dawa ikasafiri. Sisi tukainywa kwa ugonjwa ambao hatukuwa nao, tena tukikatwa alama kwa magonjwa yetu wenyewe ambayo kitabu hakikuwa kimeandikwa kwa ajili yake. Simlaumu Fitikides hata kidogo. Aliwasikiliza wanafunzi aliokuwa nao mbele yake, na hicho hasa ndicho ambacho mimi sikufanya.

Kama ningewasikiliza, ningeona nini? Ningeona kwamba Mswahili ana vihusishi vyake, ila amevificha mahali pengine. Wazungu wa kwanza walioandika sarufi ya Kiswahili waliliona hili mapema. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na alieleza kwamba pale Kiingereza kinapohitaji kihusishi kati ya kitenzi na kitu, Kiswahili hugeuza kitenzi chenyewe. Katika kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, umbo hilo, ambalo shuleni sisi tunaliita kauli ya kutendea, limefupishwa "Prep.", yaani umbo la kihusishi. Walikuja wakitafuta vihusishi vyao, wakavikuta ndani ya vitenzi vyetu.

Chukua "kufa". Amefia hospitali. Amefia nchi yake. Mtoto amemfia mama yake. Irabu moja inafanya kazi ambayo Mwingereza anaigawa kwa "in", "for" na "on". Kimbia, kimbilia, hama, hamia, lia, lilia. Kisichoingia ndani ya kitenzi tunampa "kwa", na "kwa" ni punda wa Mungu: kwa kisu, kwa shangazi, kwa furaha, kwa siku mbili, kwa malaria. Mtoto aliyekulia katika utaratibu huu akikutana na "die of", "die in", "die for" na "die from" hajakutana na ugumu wa kuchagua tu. Amekutana na watu wanaoweka nje kile ambacho yeye siku zote amekiweka ndani. Na kumbuka Waingereza nao waliwahi kukiweka ndani kwa sehemu: ile "with" ya "withstand" imekaa mwanzoni mwa kitenzi, kama yetu ilivyokaa mwishoni. Kwao mzigo ukatoka nje karne baada ya karne.

Wakati mwingine nasikia mzigo ukitaka kutoka na kwetu. Sikiliza taarifa ya habari: waziri "amezungumza juu ya" suala la maji, ambapo bibi yangu angesema amelizungumzia. Na mitaani hata "kutegemea", ambayo ndiyo "depend" yetu, haisimami tena peke yake. "Inategemea na mtu." "Inategemea na hali." Hiyo "na" imetoka wapi? Walimu wa Kiswahili wanaikata kwa wino mwekundu. Mimi naikata pia ninapohariri kazi za watu, kisha nikifunga kompyuta natoka nje, mtu ananiuliza kama kesho nitakuja, namjibu inategemea na mvua.

Kwenye lile zoezi la vitenzi kumi, kosa moja la yule binti nalikumbuka vizuri, kwa sababu darasa lilicheka zaidi hapo. Nafasi ilikuwa baada ya "married", na sentensi ilihusu dada wa mtu. Yeye akaweka "by". Nikaisoma kwa sauti mbele ya wote. Sasa tazama alivyofika pale: ameumwa na nyoka ni "bitten by a snake", ameitwa na mwalimu ni "called by the teacher", ameolewa na Juma, basi, ni "married by Juma". Kwa Kiswahili mume anaoa na mke anaolewa, kitenzi kimoja kwenye kutenda na kutendwa, na kanuni aliyoitumia ndiyo ile ile niliyomfundisha mwenyewe wiki mbili kabla yake. Kiingereza kinataka "to". "Married by" nacho kipo, ila anayefuata baada yake ni padri, shehe au mkuu wa wilaya, yule aliyewafungisha ndoa. Kuyasema hayo yote kungenichukua dakika tatu, na kipindi kilikuwa na dakika arobaini.